SOMO: Ringi za nguzo (nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kuu) kwenye ghorofa lenye maduka chini na makazi juu

Wakuu, swali la "ringi niweke umbali gani" limeulizwa humu mpaka limechosha, na jibu linalotolewa ni lile lile: "futi moja, fundi anajua". Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mfano wetu: nguzo ya milimita 400 × 400, nondo 8 za milimita 20, ringi za milimita 10, mita 3.3 kutoka juu ya slabu mpaka chini ya bimu. Mchoro wa mhandisi wako ukisema tofauti, fuata mchoro.

1. Chonga uso wa zege la zamani mpaka kokoto zionekane, piga stata (nondo za nguzo zilizochomoza kwenye slabu) brashi ya waya, osha.

2. Stata iliyohama usiipige nyundo ikunjike ghafla. Mkunjo usizidi 1 kwa 6, yaani ukiirudisha sentimita 5, tumia urefu wa sentimita 30. Imehama zaidi ya hapo? Mwite mhandisi.

3. Kata ringi ya nje sentimita 148. Nondo ya mita 12 inatoa 8 na kipande kidogo tu kinabaki. Kunja moja kwanza, ipime, ndipo ukate zilizobaki.

4. Hapa ndipo majengo yanapoharibikia. Kulabu za ringi zikunjwe nyuzi 135, ncha ziingie ndani ya nguzo sentimita 10. Kulabu ya nyuzi 90 inashikiliwa na zege la nje tu. Tetemeko likibandua zege hilo, ringi inafunguka na nondo zinapinda kuelekea nje. Pembe zenye kulabu zizungushwe: ringi moja kulabu kona hii, inayofuata kona nyingine. Nondo za katikati ya kila upande zinahitaji ringi ya pili iliyokaa mshazari, usiiruke. Nafasi: kwenye lapu, yaani nondo za nguzo zinapopishana na stata (kipenyo cha nondo mara 50, hapa mita 1), kila milimita 100, katikati ya nguzo kila 200, sentimita 55 za mwisho chini ya bimu zisizidi 150. Ringi ya kwanza ikae milimita 50 juu ya slabu.

Halafu kuna ringi ambazo hazionekani mkaguzi akichelewa: zile za ndani ya makutano ya nguzo na bimu. Fundi akishalaza nondo za bimu haziingii tena, kwa hiyo anaziacha. Dawa ni kuzivisha kwenye nguzo kabla ya nondo za bimu, uzifunge fungu moja, kisha uzipandishe kila milimita 150 bimu ikisukwa. Piga picha kabla ya kumwaga. Ghorofa la chini la maduka lina vioo badala ya kuta huku juu kuna vyumba vyenye tofali, basi tetemeko likija linasukuma nguzo hizi kuliko zote. Na usijenge tofali nusu ya kimo ukalibananisha na nguzo; sehemu ya nguzo iliyobaki wazi juu inakuwa fupi, inakatika hapo.

5. Biskuti (vipande vya kuweka nondo mbali na uso wa zege) za milimita 40, za mota ya saruji. Si mawe, si vipande vya mbao.

6. Boksi (fremu ya kumwagia zege), timazi pande mbili, mirunda ya kushikilia.

7. Zege lisidondoke zaidi ya mita 1.5, toboa dirisha kwenye boksi. Tabaka lisizidi sentimita 45. Vibreta (mashine ya kutikisa zege) izame sentimita 10 kwenye tabaka la chini, sekunde 5 mpaka 15, itolewe polepole. Ukikimbia hapa utafungua boksi ukute zege lina matundu kama sega la nyuki.

8. Fungua kesho yake, zungushia magunia mabichi siku 7.

MASWALI

chalii_wa_sakina: Mkuu sijasoma yote, ringi ngapi kwa nguzo moja?

Mtoa somo: Hatua ya 4. Ukihesabu unapata 23 za nje, 23 za mshazari, na za kwenye makutano juu yake. Soma, chalii, ni dakika tatu.

fundi_mkongwe: Miaka yote tunakunja 90 na hakuna kilichoanguka. Nadharia za vitabuni hizi.

Mtoa somo: Mzee wangu, shikamoo. Hazijaanguka kwa sababu hazijajaribiwa. Julai 2007 tetemeko la Gelai, huko karibu na Oldoinyo Lengai, lilisikika mpaka Nairobi. Sisi wa Arusha tuko karibu zaidi. Kukunja 135 kunaongeza sekunde chache kwa ringi. Sibishani zaidi.

dada_wa_moshi: Kaka, asante. Slabu ya Arusha mwezi wa 7 ina baridi kuliko ya kwetu Moshi. Mirunda inatolewa siku zile zile?

Mtoa somo: Swali zuri dada, wengi hawalifikirii. Kanuni ya BS 8110 (kiwango cha zamani cha Uingereza cha zege): joto la uso wa zege likiwa nyuzi 16 au zaidi, mirunda ya slabu ni siku 10, ya bimu 14. Likishuka, gawanya 250 kwa (joto + 10) kwa slabu, 360 kwa bimu. Kwa nyuzi 12 unapata siku 12 na 17 ukikamilisha. Hizo ni za saruji ya kawaida ya 42.5, yenye pozolana (kama majivu ya volkano) hukomaa polepole, subiri majibu ya kyubu (vipande vya zege vinavyopimwa nguvu maabara). Na ukiwa unamwaga slabu ya juu, usiiache ya chini bila mirunda.

mjenzi_njiro: Kokoto za volkano zenye matundu ni bei rahisi, zinafaa nguzo?

Mtoa somo: Kwa nguzo, hapana. Zinanyonya maji, uzito na nguvu ni kidogo. Tumia jiwe gumu jeusi lisilo na matundu.

dada_wa_moshi: Na mchanga wa mto nitaujuaje una udongo?

Mtoa somo: Chupa inayoonyesha ndani, mchanga robo ya chupa, maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka laini la juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, usiukubali kabla haujapimwa maabara. Fanya kwa kila lori, maana la pili halitoki shimo moja na la kwanza.