Fomu ikija na nafasi tupu: jinsi ya kuingiza NULL

Niliwahi kutengeneza mfumo wa kusajili wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mama wa kwanza asiye na barua pepe aliingia bila shida. Wa pili akakataliwa: kanzidata ilidai barua pepe yake tayari ipo. Ipi tena, na hakuandika kitu?

Kumbe fomu ikiachwa wazi hutuma maandishi matupu, '', na kwa PostgreSQL, kanzidata niliyotumia, hiyo ni thamani kama nyingine. Kolamu ya UNIQUE, yaani isiyoruhusu thamani kurudiwa, haikubali '' mbili, ila NULL, yaani alama ya kwamba hakuna thamani, inazikubali hata mia. (Oracle, kanzidata nyingine, ina mambo yake: '' huihesabu kuwa NULL.)

Hatua ya 1. Kabla ya kugusa kodi, amua kolamu ipi inaruhusiwa kukosa thamani. Jina ni lazima. Barua pepe na tarehe ya kuzaliwa zinaweza kukosekana.

CREATE TABLE wanachama (
  id SERIAL PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL CHECK (TRIM(jina) <> ''),
  barua_pepe TEXT UNIQUE,
  kuzaliwa DATE,
  hali TEXT NOT NULL DEFAULT 'hai'
);

Ile CHECK usiiache. NOT NULL peke yake haimzuii karani aliyebonyeza spesi mara tatu akaendelea.

Hatua ya 2. Safisha wakati wa kuingiza (yenye nukta mbili mbele, kama :jina, ni thamani kutoka kwenye fomu):

INSERT INTO wanachama (jina, barua_pepe, kuzaliwa)
VALUES (
  TRIM(:jina),
  NULLIF(TRIM(:barua_pepe), ''),
  CAST(NULLIF(TRIM(:kuzaliwa), '') AS DATE)
);

TRIM inakata spesi za pembeni, kisha NULLIF inageuza '' kuwa NULL. Bila hiyo, tarehe tupu ingekataliwa palepale. Usiweke 1900-01-01 kuziba pengo. Siku ya ripoti utakuwa na wazee wa ajabu.

Umeona hali sikuitaja? Ni makusudi. DEFAULT hufanya kazi kolamu isipotajwa, au ukiandika neno DEFAULT lenyewe. Ukiipelekea NULL, hapa utapata kosa, si 'hai'. Hili lilinipotezea jioni nzima.

Hatua ya 3. Jaribu kwa kusajili watu wawili wasio na barua pepe, halafu:

SELECT jina FROM wanachama WHERE barua_pepe IS NULL;

Wote wawili watokee. Ukiandika = NULL hutapata hata mmoja.

Kama jedwali lako lina '' za zamani, chukua nakala rudufu kwanza, ndipo uendeshe:

UPDATE wanachama SET barua_pepe = NULL WHERE TRIM(barua_pepe) = '';