Ndugu Akizuiliwa Uingereza: Kazi Iko kwa Walio Nje

Wahamiaji wengi hukamatwa siku wanapokwenda kusaini, yaani kuripoti kwa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Asubuhi mtu anaaga, jioni yuko kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji: Harmondsworth au Colnbrook karibu na uwanja wa Heathrow, au Brook House pale Gatwick. Baadhi ya wanawake wamepelekwa Derwentside, mbali kaskazini. Sheria ya Uingereza haijaweka ukomo wa jumla wa muda wa kumzuilia mhamiaji. Uchunguzi rasmi kuhusu Brook House ulipendekeza mwaka 2023 mwisho uwe siku 28, lakini serikali haikukubali. Na wengi wanaozuiliwa hatimaye huachiwa, wakarudi kwenye maisha yao hapo hapo Uingereza wakiwa wameumizwa bure.

Simu yenye kamera huchukuliwa mlangoni. Hupewa simu ndogo isiyo na intaneti. Kwa hiyo anayekwenda kusaini aandike kwenye karatasi namba ya mwanasheria, ya ndugu mmoja na ile ya faili lake la Home Office.

Akishaingia, ajiandikishe mara moja kumwona mwanasheria: katika vituo vya England, dakika 30 za kwanza ni bure. Shirika la BID (Bail for Immigration Detainees) nalo husaidia maombi ya dhamana bila malipo. Wakala wa mtaani asiyesajiliwa anavunja sheria akitoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji. Msimpe hata senti.

Kwa daktari aseme yote. Aliyeteswa, iwe Kongo, Burundi au popote, aombe ripoti ya daktari iitwayo ya Kanuni ya 35 (Rule 35), kwa sababu inailazimu Home Office kuangalia upya kama anastahili kuendelea kuzuiliwa. Wengi hunyamaza kwa aibu, hasa waliobakwa, na faili linabaki tupu.

Dhamana huombwa Home Office kwa fomu BAIL 401, au kwa jaji kwa fomu B1. Aliyeingia nchini karibuni hawezi kwenda kwa jaji kabla ya siku nane kupita tangu afike. Kinachokwamisha zaidi ni anwani. Barua ya “atakaa kwangu” haitoshi: ambatisheni mkataba wa nyumba, kibali cha mwenye nyumba na majina ya wanaoishi humo. Mdhamini awe na makaratasi yake na taarifa za benki. Hatoi pesa siku ile. Anaahidi kiasi, na atadaiwa kiasi hicho iwapo aliyeachiwa atavunja masharti. Jaji humuuliza mdhamini amemfahamu vipi aliyezuiliwa, wanaonana mara ngapi, atamsimamia vipi. Akibabaika hapo, ombi limedhoofika.

Home Office hutakiwa kuleta sababu zake za kupinga kabla ya saa nane mchana, siku ya kazi inayotangulia kesi. Zisomwe mstari kwa mstari, maana makosa ya tarehe na madai ya “alitoroka” hujitokeza humo. Leteni risiti za kusaini kuyakanusha.

Jaji akikataa, ombi jingine husubiri siku 28, isipokuwa hali imebadilika kweli, kwa mfano mmepata anwani mpya au ripoti ya daktari.