Pini ya pedi za breki ikiganda kwa kutu

Pikipiki zinazopanda Kibosho wakati wa masika huja gereji kwangu Moshi na shida hii: tope limejaa kwenye kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na pini inayoshika pedi haitoki.

Kalipa usiifungue kwanza; iache kwenye shokapu ili isicheze. Kwangua tundu la pini kwa msumari mpaka alenki (ufunguo wa pembe sita) izame yote. Alenki iliyoingia nusu ndiyo inayokula kona za tundu, na hapo utaishia kutoboa kwa drili. Pulizia dawa ya kutu, iache usiku kucha, gonga kichwa cha pini kwa nyundo ndogo, fungua taratibu.

Pedi zikilowa dawa, tupa. Nakuomba sana, usizikaushe ukateremka nazo na abiria. Pini yenye vishimo nunua mpya, ipake grisi ya shaba kidogo. Minya breki mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke.