Kabla Hujapima Sinapsi Ikiimarika au Kudhoofika

Jaribio la kupima sinapsi (maungio ya seli za neva) kwenye kipande cha hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huharibikia kwenye maandalizi, kwa hiyo soma haya kabla hujawasha mashine.

Kisu kiwe kipya. Kata vipande vya mikromita 400, kisha viache vipumzike saa moja au zaidi.

Maji ya chumvi yapulizie kwanza oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5, ndipo utie kalsiamu. Ukiitanguliza, itaganda na kuyatia maji ukungu. Magnesiamu usiisahau. Ndiyo inayoziba tundu la kipokezi cha NMDA, mlango wa kalsiamu kwenye sinapsi, mpaka seli iamshwe vya kutosha. Bila kizibo hicho, kipande huweza kuanza kufyatua umeme ovyo.

Nguvu ya pigo la umeme la kupimia iwe chini kidogo ya ile inayoleta nusu ya jibu kubwa kabisa la seli. Ukianzia juu, jibu halina pa kupanda.

Sasa kipimo cha awali, ambapo wengi huumia. Piga pigo moja kila sekunde 30 kwa dakika 20 hadi 30. Pima mteremko wa mwanzo wa jibu, usipime kilele, kwani kilele huchafuliwa na seli zinapofyatuka. Mstari wa vipimo ukipanda polepole, subiri. Mwenye haraka hujiambia utatulia, akapiga mapigo ya kasi ya kuimarisha sinapsi, 100 ndani ya sekunde moja, na baada ya saa anashangilia ongezeko. Kumbe elektrodi ilikuwa inazama, au maji yalikuwa bado yanapata joto! Data hiyo ni ya kutupwa. Kinga yake ni elektrodi ya pili, inayochochea nyuzi nyingine zinazofikia seli zilezile, na hizo usizipe mapigo ya kasi kamwe. Nazo zikipanda, basi kilichobadilika ni kipande chenyewe. Mruko wa dakika za mwanzo baada ya mapigo ya kasi usiuhesabu; fuatilia dakika 60.

Kudhoofisha kunataka mapigo 900, moja kila sekunde. Kalsiamu huingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, na vipokezi vya AMPA, vinavyobeba jibu la kawaida la sinapsi, huondolewa kwenye utando wa seli. Kalsiamu ikiingia nyingi kwa ghafla, vipokezi hivyo huongezwa. Tumia panya wachanga, kwani kwa waliokomaa kudhoofisha hugoma mara nyingi.

Mengine ni ya kuchunga tu: joto lisiyumbe, mrija usishike mapovu, kasi ya pampu isiguswe katikati, na meza isigongwe.