Kuchagua vitu vya umaliziaji wa ndani: anza na visivyobadilika

Wengi wakifika kwenye umaliziaji huanza na rangi ya ukuta. Kadi za rangi zinavutia, na kuzishika mkononi kunampa mtu hisia kwamba nyumba imekaribia kwisha. Lakini katika vyote vitakavyoingia ndani, rangi ndiyo rahisi kubadilisha. Kigae kikishashika, kukitoa ni nyundo na patasi. Kwa hiyo mimi huanza na kile ambacho kukibadilisha ni kuvunja, na kinachobadilishwa kwa brashi nakiacha mwishoni. Mwongozo huu ni wa nyumba iliyokwisha kupigwa lipu, mabomba na nyaya vikiwa vimeshapitishwa ukutani.

Hatua ya 1: Amua sakafu iliyokamilika itafika wapi

Kigae cha milimita 9 au 10 pamoja na gundi yake hupandisha sakafu kwa kama milimita 15. Laminati (mbao za sakafu za kiwandani) ya milimita 8 na tandiko lake la milimita 2 hupandisha 10 tu. Vyumba hivyo viwili vikipakana, utabaki na kingo ya milimita 5 mlangoni, na vidole vya miguu vitaijua kila siku. Dawa yake ni kuinua sakafu ya zege upande wa chini kabla hakijagandishwa chochote.

Baada ya hapo, mwambie fundi achore mstari kwenye kuta zote, mita 1 kamili juu ya sakafu iliyokamilika, kwa leza au kwa mpira wa maji (bomba la plastiki lenye maji la kusawazishia kimo). Kila fundi apime kutoka kwenye mstari huo: wa umeme kwa swichi, seremala kwa milango na kaunta. Ukiona swichi za vyumba viwili zimepishana kimo, mara nyingi mmoja alipima kutoka kwenye zege na mwenzake kutoka juu ya kigae.

Hatua ya 2: Chagua sakafu

Vigae vya poseleni hunyonya maji kidogo sana, asilimia 0.5 au chini ya hapo. Seramiki ya kawaida hunyonya zaidi na ni laini zaidi, inafaa sana ukutani. Kwa bafu uliza daraja la utelezi, linaloanzia R9 hadi R13; namba ikipanda, utelezi hupungua. Mimi sishuki chini ya R10. Kigae kinachong'aa kama kioo kiache sebuleni, na hata huko ujue kila tone la maji litaonekana.

Kigae kikubwa kinapendeza, ila sehemu ya kuogea sakafu lazima iinamie kwenye tundu la maji. Kigae cha sentimita 60 hakiwezi kuinama pande nne bila kukatwa vipande. Hapo tumia vidogo.

Grauti, yaani kijazio cha nafasi kati ya vigae, watu huichagua dakika ya mwisho, kwa haraka, ilhali ndiyo inayoamua kama sakafu itaonekana kitu kimoja au wavu wa mistari. Chukua inayofanana na kigae, iliyokolea kidogo. Nyeupe sakafuni usiikubali hata ukibembelezwa. Vigae vilivyonyooshwa kingo kwa mashine vinaweza kukaa kwa nafasi ya milimita 2. Visivyonyooshwa vipe 3 hadi 5, la sivyo tofauti zao za vipimo zitaonekana kwenye mistari.

Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo, au 15 kama vinalazwa kimshazari, na hakikisha namba ya toleo na ya kivuli cha rangi ni ileile kwenye kila boksi. Kabla ya gundi, fundi avipange vikavu kutoka katikati ya chumba hadi mlangoni. Kipande chembamba kama kidole kikiangukia mlangoni, sogeza mpango mzima nusu kigae.

Hatua ya 3: Chagua taa kabla ya rangi

Mwanga wa balbu hupimwa kwa kelvini. 2700 hadi 3000 ni wa manjano na unatuliza; 4000 ni mweupe wa kawaida; 6500 unaelekea bluu. Usichanganye ndani ya chumba kimoja. Kisha tafuta kwenye boksi namba ya Ra, inayoonyesha jinsi balbu inavyodhihirisha rangi za vitu. Nyingi zina 80. Jikoni na penye kioo cha kuvalia, lipia 90.

Hatua ya 4: Jaribu rangi kwenye ubao

Usijaribu rangi kwa kupaka viraka ukutani. Kiraka hupigana na lipu iliyokizunguka, jicho likadanganyika. Chukua ubao mwembamba wenye ukubwa wa karatasi mbili za kuandikia, upake praima (rangi ya msingi) nyeupe, kisha mikono miwili ya rangi. Ukingoni acha upana wa kidole ubaki mweupe.

Ubao ukikauka, usimamishe wima umegusa kigae ulichochagua, kando ya fremu ya mlango. Usiulaze, rangi iliyolala hupokea mwanga mwingine kabisa. Uangalie asubuhi, alasiri, na usiku ukiwa umewasha zile balbu za hatua ya 3. Kijivu kilichotulia mchana kinaweza kugeuka zambarau usiku, na krimu ikawa manjano ya kukera. Uhamishie ukuta wa dirisha na ule unaolikabili pia. Kumbuka kwamba rangi ikienea ukuta mzima huonekana imekolea kuliko kwenye kadi, kwa hiyo ukisita kati ya mbili, chukua isiyokolea sana.

Mng'ao nao una kazi yake. Rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya lipu. Yenye mng'ao kama wa hariri huyatangaza. Zima taa, bana tochi ukutani uimulike sambamba na ukuta: kila kibonge kitatupa kivuli. Ukiona vivuli vingi, ama rudia skimu (tabaka laini la juu ya lipu) na msasa, ama kubali rangi isiyong'aa. Jikoni, na kwenye korido ya watoto, tafuta inayoweza kusuguliwa. Dari ising'ae hata kidogo.

Hatua ya 5: Vyuma

Vitasa, bawaba, mabomba, vishikio vya kabati. Chagua aina moja itawale na moja isaidie, basi. "Dhahabu" ya kiwanda kimoja si dhahabu ya kingine, kwa hiyo vinavyoonekana pamoja vitoke kwa mtengenezaji mmoja. Mlango mzito wa mbao upe bawaba tatu.

Hatua ya 6: Tembelea maungio

Hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na ya kawaida, na hapa ndipo wateja hawaulizi kitu. Vifaa vya gharama vikikutana vibaya, nyumba huonekana rahisi. Pita chumba hadi chumba, kila mahali vitu viwili vinapokutana simama umuulize fundi: hapa panaishaje?

Kona ya nje ya vigae, kwa mfano pembeni mwa dirisha la bafu: utepe wa alumini wa kuifunika huingizwa chini ya kigae wakati wa kugandisha, na kimo chake lazima kilingane na unene wa kigae. Baadaye huwezi kuuingiza. Fremu ya mlango na ubao wa chini ya ukuta: fremu iwe nene kuliko ubao, ili ubao uishie kwenye fremu badala ya kujitokeza mbele yake. Sakafu mbili zikikutana mlangoni, kiungo kikae chini ya unene wa mlango ukiwa umefungwa, ili ukiwa upande mmoja usione sakafu ya upande wa pili. Kaunta na ukuta, au sinki na ukuta: weka silikoni, usiweke grauti. Vitu hivyo husogea kidogo kidogo, na grauti haivumilii kusogezwa. Itapasuka, maji yatapita nyuma.

Majibu ya fundi yaandike kwa penseli palepale ukutani. Rangi itayafunika.

Hatua ya 7: Agiza na upokee

Andaa jedwali la chumba kwa chumba: jina la kitu, namba ya bidhaa, kipimo, rangi, idadi. Kwa rangi ya kuchanganywa, andika fomula iliyobandikwa kwenye kopo, si jina lake peke yake. Mzigo ukifika, fungua maboksi dereva akiwa bado yupo, linganisha namba za toleo, na weka kando boksi zima la kila aina ya kigae pamoja na kopo dogo la kila rangi. Fundi asiviguse, hata akisema amebakiza kona moja tu.