Mbegu ya Katumani huchaguliwa shambani, si ghalani

Mahindi ya Katumani yalizalishwa kwa ajili ya ukame wa Ukambani, Kenya. Huwahi kuchanua, yakajaza punje kabla mvua haijakata. Kwa kuwa ni ya uchavushaji huria, yaani mimea huchavushana yenyewe shambani, unaweza kujiwekea mbegu msimu hadi msimu, tofauti na chotara (mbegu za kuchanganya aina tofauti) ambazo mavuno ya kizazi cha pili hushuka. Kinachoiharibu Katumani ni mazoea ya kuchagua mahindi manene ghalani. Huenda hindi lilinenepa kwa sababu mmea ulisimama peke yake au karibu na samadi, na hilo halirithiwi. Tena mimea yenye mahindi makubwa mara nyingi ndiyo iliyochelewa. Ukiipendelea kila mwaka, ule uwahi wa Katumani unakutoka.

Tenga kipande cha mita 25 kwa 20 katikati ya shamba la Katumani, walau mita 200 kutoka mahindi ya aina nyingine. Eneo likibana, pishana na jirani kwa wiki nne za kupanda. Nafasi iwe sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo. Gawa kwa kamba viwanja 20 vya mita 5 kwa 5, kila kimoja mimea kama 110, kisha linganisha mimea ya kiwanja kimoja tu, maana inakula udongo ule ule.

Kazi yenyewe ni wakati wa kuchanua. Kata mbelewele (maua ya kiume yaliyo kileleni) za mimea dhaifu, yenye ugonjwa wa michirizi au iliyochelewa, kabla hazijamwaga chavua. Wengi huiruka hatua hii, ilhali nusu ya jeni za kila punje hutoka kwa baba. Funga utepe mimea ambayo ndevu zake zimetokeza ndani ya siku mbili tatu tangu chavua ianze kumwagika. Mmea ulioshindwa na kiu huchelewesha ndevu, chavua huisha, na hindi hubaki na mapengo.

Wakati wa kuvuna, chukua katika kila kiwanja mimea 10 yenye utepe, ambayo haikulala na ambayo maganda yamefunika ncha ya hindi. Utapata mahindi 200. Usiyapunguze hadi 20 mazuri mno: mahindi yakizaliana ndugu kwa ndugu hudumaa upesi. Punje ya njano kwenye hindi jeupe ni chavua ya nje, itoe. Chotara nyeupe ya jirani haijionyeshi hivyo, ndiyo maana umbali haukwepeki.

Kausha hadi unyevu usizidi asilimia 13. Toa punje 50 za katikati ya kila hindi, uchanganye: ni punje 10,000, takriban kilo 3. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mdudu dumuzi asiingie.

Panda nusu, nusu iwe akiba. Mvua ikikata kabisa, mimea michache itakayopona huenda ni ile iliyobahatika kuota bondeni penye unyevu. Usichague kitu msimu huo, rudia akiba.