Usingizi wa kichanga: mambo ya kuandaa kabla hajazaliwa

Kabla ya kununua chochote, wazazi wakubaliane kwanza kwamba kichanga hafundishwi kulala usiku kucha. Hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vipande, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na huhitaji kunyonya kila baada ya saa 2 au 3, usiku kama mchana. Mwili wake bado hautofautishi usiku na mchana. Uwezo huo hujijenga taratibu kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Kinachoweza kuandaliwa mapema ni mahali atakapolala, na watu watakaomlaza.

Mahali ndipo pa kutilia mkazo zaidi, maana hapo tunazungumzia uhai wake. Godoro liwe bapa na gumu kiasi, lienee kitandani bila kuacha mwanya, litandikwe shuka moja iliyobana vizuri. Mto, blanketi, midoli na mapambo laini ya kuzungushia kingo vibaki nje, hata kama ni zawadi za watu mnaowapenda. Kichanga akizibwa pua hana nguvu ya kujinasua.

Alazwe chali kila anapolala, hata usingizi mfupi wa mchana. Wengi huogopa kwamba atapaliwa akicheua. Hofu hiyo naielewa, lakini mtoto anapokuwa chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii kwenye mapafu kirahisi. Nchini Marekani, miaka iliyofuata ushauri wa madaktari wa watoto wa mwaka 1992 dhidi ya kuwalaza kifudifudi, vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Zungumzeni na bibi, shangazi na yaya sasa hivi, wakati hakuna mtoto anayelia. Ubishi wa usiku wa manane hauna mshindi.

Kitanda chake kiwe chumbani kwenu, karibu na chenu, angalau miezi 6 ya mwanzo. Asivutiwe moshi wa sigara kabisa. Amueni pia mama atanyonyeshea wapi usiku. Hili husahaulika sana, nalo ni zito: mama aliyechoka akisinzia kwenye kochi, mtoto anaweza kuteleza na kubanwa kwenye mito yake. Akihisi usingizi utamzidi, ni afadhali anyonyeshee kwenye kitanda kilichoondolewa mito na mablanketi, kisha amrudishe mtoto kwenye kitanda cha mtoto mara mama anapozinduka.

Kuhusu nguo, msimzidishie. Gusa kifua au shingo kujua kama ana joto. Viganja vyake huwa baridi hata akiwa salama. Kofia ivuliwe anapolala ndani.

Tayarisheni taa hafifu ya usiku. Mchana pazia liwe wazi na sauti za nyumbani ziendelee. Usiku anyonye, abadilishwe nepi ikibidi, arudishwe kulala bila maongezi wala michezo. Mkiweza, mlazeni akiwa anasinzia lakini hajalala kabisa. Ikishindikana mbebeni bila hatia, kwani umri huu hadekezwi kwa kubebwa. Jueni pia kwamba karibu nusu ya usingizi wake una mitikisiko, kuguna na kukunja uso. Subirini kidogo kabla ya kumnyanyua, maana mara nyingi bado amelala.

Pangeni zamu kabla uchovu haujawapangia. Mama anyonyeshe, mwingine ambeulishe, abadilishe nepi na kumlaza. Aliyeshika zamu ya alfajiri apewe nafasi ya kulala mchana, na wageni waelezwe hivyo.

Mwisho, kabla ya kutoka hospitali mwulizeni mkunga kama mtoto aamshwe kunyonya. Kwa kawaida, hadi atakaporudisha uzito wa kuzaliwa, aghalabu ndani ya wiki 2, haachwi alale muda mrefu bila kunyonya. Aliyezaliwa kabla ya wakati hupewa maelekezo yake. Kuweni na kipimajoto nyumbani, na namba ya simu ya kituo cha afya mahali panapoonekana. Akifikia joto la nyuzi 38, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au akiwa mgumu kuamka, mpelekeni saa hiyohiyo.